Mianzi ya Mzee Ambrosi

Kila masika Mzee Ambrosi alitoka kijijini kwake, juu ya Nyololo, akaingia shamba la chai kugema ulanzi, pombe ya mianzi. Katikati ya michai kilibaki kichaka cha mianzi alichopanda babu yake, pale palipokuwa nyumbani kwao. Nyumba ilivunjwa zamani, Mwingereza alipokabidhiwa nchi aitunze baada ya Mjerumani kushindwa vita, akampangisha mzungu mwenzake ardhi ile kwa miaka tisini na tisa. Babu aliambiwa itarudi. Akamwachia mwanawe hayo maneno, na mwana akamwachia Ambrosi.

Wenzake walipohamia Madibira kulima mpunga, yeye alibaki.

"Ikirudi, itamkuta nani?" aliuliza.

Mlinzi wa shamba, Liberatus, alimwacha apite, mradi apate chake.

"Mzee wa kanisa, umekuja tena kusali kwenye mianzi?"

"Kunywa, nyamaza. Mchungaji ana masikio."

Mwaka huu mkataba ukaisha. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba maafisa ardhi watakagua shamba kabla halijapewa mwekezaji mwingine. Mahali ambapo wenyeji bado wanapatumia patamegwa, parudi kijijini.

Ambrosi akapiga pasi suruali ya Pasaka. Alfajiri ya siku ya ukaguzi akatangulia peke yake. Mbeta za kukingia ulanzi zilikuwa zinaning'inia kwenye ncha za mianzi, zimejaa, povu limefika mdomoni. Akaziangalia akaona aibu. Mzee wa kanisa apokee ardhi ya babu yake mbele ya serikali, na pombe inamdondokea kichwani? Akazishusha zote, akazificha chini ya michai. Machicha akayafukia. Akafagia mpaka nyayo zake.

Afisa alikuwa binti mpole, ameshika kishikwambi.

"Shikamoo, mzee. Hapa kuna mtu anapatumia?"

"Marahaba. Hapa ni kwetu, mwanangu. Babu alijenga hapa."

"Nimekuelewa. Ila nauliza sasa hivi. Mnalima? Kuna makaburi?"

"Makaburi yako kanisani."

"Basi mnafanya nini hapa?"

Ambrosi akamtazama Liberatus. Liberatus, aliyekuwa akilinda kibarua chake, akatazama viatu.

"Tunapatunza," Ambrosi akasema.

Binti akazunguka kichaka, hakuona hata jani lililokanyagwa. Akapiga picha, wakaondoka.

Jioni bintiye Yusta akamuuliza, "Baba, mbeta si zilikuwepo?"

"Nilizitoa."

Yusta akaweka mwiko chini.

Kesho yake Ambrosi alipanda gari mpaka ofisi ya ardhi, mbeta mbili kwenye kikapu, bila kuzifunika. Afisa yule binti akazitazama.

"Ungeziacha pale pale, babu," akasema kwa sauti ya chini. "Hata mimi nilitaka kuziona."

Taarifa ilikuwa imeshapanda juu.

Mwekezaji mpya alileta vijana wenye misumeno mvua zikiwa bado zinanyesha. Ambrosi alisimama upande wa kijiji, kofia mkononi. Walipomaliza kuikata mianzi, Liberatus akamwita, akamwambia wameondoka, apite tu.

Visiki vilikuwa vinatoa maji. Ulanzi mtamu, wa kwanza, ule wanaopewa watoto, ulikuwa unatiririka kwenye udongo. Mzee akachuchumaa, akakinga kiganja chini ya kisiki kimoja. Kilipojaa hakunywa. Alikaa hivyo hivyo mpaka Yusta alipokuja kumchukua.