Farasi Mia Mbili wa Masikio

Ilikuwa mwaka ule gereji ilipopata paa jipya. La, ulikuwa mwaka uliofuata, maana paa lilipoezekwa gari lenyewe la kisa hiki lilikuwa bado limekaa juu ya matofali uani, likimnyima mke wa fundi pa kuanika nguo.

Fundi huyo walimwita Masikio, kwa kuwa aliinamia injini inayonguruma, akafumba macho, akakutajia ina nguvu za farasi wangapi. Hili gari la kwake, alilolijenga kipande kwa kipande, alilihesabia farasi mia mbili. Shemeji yake, kaka wa mkewe, akamcheka kwamba hao ni punda. Neno likazaa neno, mpaka Masikio akaapa mbele ya mkewe: mashine ya rola, ile ya kupimia nguvu za gari, isiposema mia mbili, gari linauzwa, ua unarudi kwa mwenyewe. Mama watoto akatabasamu. Kamba mpya za kuanikia alikwisha kununua.

Siku ya kupima wakaenda wote watatu. Magurudumu ya nyuma yakazungushwa juu ya rola, gari likalia mpaka vioo vya chumba vikatetemeka. Mashine ikaandika mia moja sitini na sita.

"Pole, shemeji," kaka mtu akasema. "Wengine wamebaki malishoni."

Mpimaji akaeleza kwamba hizo ni nguvu zilizofika kwenye magurudumu. Giaboksi, propela na difu, zinazozipeleka kutoka kwenye injini, nazo hula njiani. Kwa gari la namna ile yeye hukadiria kwamba katika kila mia, kumi na tano huliwa. Akapiga hesabu: injini ina kama mia moja tisini na tano. Masikio akashusha mabega. Amekosa kidogo tu, lakini kukosa ni kukosa.

Sasa, giaboksi na difu alikuwa amezitia mafuta mazito kupita kiasi, ili zisimpigie mkewe kelele. Na asubuhi ile baridi ilikuwa haina mchezo.

Mkewe ndiye aliyeuliza: "Kwani mafuta yake yamepata moto? Yangu ya kupaka leo yamegoma kutoka chupani."

Wakaliendesha taratibu palepale juu ya rola hadi difu ikawa haishikiki kwa joto na mafuta yakawa mepesi, wakapima upya. Mia moja sabini na moja. Kwa hesabu ile ile, injini ikatoka na mia mbili na moja. Shemeji akavua kofia, akaliinamia gari kama anayemwamkia mkwe, wote wakaangua kicheko.

Kurudi, usukani aliushika mke, na mguu wake haukuwa na huruma. Masikio akamtazama kwa pembeni, akamwuliza:

"Mama watoto, ua ulikuwa umeshaupata. Mbona ulisema habari ya mafuta?"