Pumzi za Baba kwenye Kipaza Sauti

Kila nikipita soko la mji wa Nizwa na mwenye duka akafungua chupa ya maji ya waridi ya mlima wa Jabal Akhdar, yale yenye harufu ya moshi, husimama hapo mpaka aifunge.

Baba alikuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo, kule Ibra. Alipoanza kuugua koo, akawa anasukutua maji hayo kabla ya kila adhana. Adhuhuri moja kipaza sauti kikakoroma, mama akaacha kukanda unga. Tukangoja. Sauti haikutoka. Zilitoka pumzi tu, nzito, zinakwaruza, zikaenea mtaa mzima mpaka kwenye mitende. Baba hakunyamaza. Aliendelea neno kwa neno mpaka mwisho, na mama, mikono imejaa unga, akimfuatisha kwa mnong'ono kama anayemsukuma mtu apande mlima.

"Ya Rabbi, mrudishie sauti yake," akasema. "Hana kingine."

Baba akarudi, kanzu imelowa jasho, akasimama mlangoni. Aliuliza kwa midomo tu: "Mmenisikia?"

"Tumekusikia," mama akamjibu. "Wallahi, leo umefika mbali."

Baba akatabasamu. Akachukua chupa, akaanza kusukutua kwa ajili ya alasiri.