Katalitiki Yenye Nukta Tatu

Mwaka mzima baada ya baba kufa, mama alikohoa ndani ya gari la marehemu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Kila mwezi nilimtoa nyumbani Kibirichia nikampeleka Embu kwa daktari wa kifua, na tukifika Nkubu tayari ameshaweka leso mdomoni. Tena alikuwa na tabia ya kuteremsha kioo. Mimi nilikipandisha, kwa sababu baridi ya asubuhi na kifua kile havipatani, na nilimgombeza kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Mwishowe daktari aliniita kando akaniambia kwamba hali ikiendelea hivyo, mama atakuwa wa kulala na mtungi wa oksijeni kitandani.

Gari lilikuwa likinguruma na kunuka moshi. Fundi wetu wa siku zote alikuwa amesafiri, basi nikalipeleka kwa kijana mmoja wa Makutano. Aliingia chini ya gari na tochi, akakaa kidogo, kisha akaniita niiname nijionee.

"Madam, hii gari haina katalitiki," akasema. "Kuna mtu alitoa, akachomelea paipu tupu."

Alinieleza kwamba katalitiki ni kile kikopo cha chuma kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, na kwamba ndani yake mna madini ya bei, ndiyo maana watu huzichomoa. Waliotuchomelea hilo bomba hawakuziba vizuri. Moshi ulikuwa ukivuja na kupanda moja kwa moja kwenye kiti cha abiria, yaani kiti cha mama.

Nilimbishia. Gari lile halikuwahi kuguswa na mtu mwingine ila mzee mmoja, huyo fundi wetu wa siku zote, na hakuwa fundi tu kwetu. Yeye na baba walitahiriwa msimu mmoja. Kwetu Meru, rika la baba yako ni baba yako, nami nilimwita Baba bila kufikiri. Baada ya mazishi alikuja nyumbani kulifanyia gari sevisi, akalifanyia nyuma ya ghala la viazi. Sikwenda kusimama pale. Binti hasimamii rika la baba yake akiwa kazini kana kwamba anamchunga asiibe. Nilimpelekea chai na ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, nikarudi sebuleni.

Yule kijana alinituma dukani kununua kikopo kingine, na maagizo: nitaje injini, nihesabu matundu ya kuchomekea sensa za kupima moshi, nichungulie ndani nione vitundu kama vya masega ya nyuki, na nikitikise, kikilia kama njugu nisikichukue. Duka la kwanza walinitajia bei ya katalitiki ya kampuni iliyounda gari, nikashukuru nikatoka. La pili ni la spea mpya na zilizotumika. Muuzaji aliweka vikopo viwili kwenye meza. Kimoja kilikuwa kipya, cha kampuni nyingine, cha bei ninayoiweza, na kilikuwa chepesi mkononi. Cha pili kilikuwa kizito, kimetumika, na bei yake ilikuwa karibu mara tatu.

"Hii ni orijino," akasema. "Na haijatoka Japan. Ilitolewa kwa gari ya hapa hapa Meru, iko sawa kabisa."

Nilikigeuza nione matundu, nikaona nukta tatu zilizopigwa kwa msumari, zimepangwa mstari mmoja.

Huko kwetu sufuria na viti huazimwa arusi na matanga, kwa hiyo kila boma lina alama yake. Ya baba ilikuwa nukta tatu. Naye alivuka mpaka, alipiga nukta kwenye majembe, kwenye betri, hata kwenye vyuma vya chini ya gari, na sisi watoto tulimcheka sana. Nilisimama na kile chuma mikononi. Nilipouliza kililetwa na nani, muuzaji hakuwa na la kuficha. Ni mzee fulani fundi, akasema, yule asiye na ncha ya kidole cha shahada. Ncha ile ilikatwa na feni ya gari la baba, na baba ndiye aliyemkimbiza hospitali.

Sikuwa na pesa za kununua kilicho changu. Nilichukua kile chepesi kipya. Kijana alipokifunga nilisimama juu ya kichwa chake tangu bolti ya kwanza hadi ya mwisho, na sikuona haya.

Safari iliyofuata tulipita Nkubu, tukapita Chuka, na leso ya mama ilibaki mkobani. Hakukohoa hata mara moja. Furaha ikachanganyika na hasira, nikashindwa kujizuia. Nilimweleza yote, nikaapa kwamba tukirudi nitamfuata yule mzee nimwite mwizi mbele ya kanisa zima.

Mama aligeukia mashamba ya chai. Kisha akasema kwa Kimeru, polepole, kwamba alimwona. Alikuwa kwenye dirisha la jikoni, akamwona akikitoa na kukitia kwenye gunia la viazi.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Ningesema nini? Ni rika la baba yako. Ukimwita mwizi, umemwita nani?"

"Na moshi, mama? Mwaka mzima hukuusikia?"

"Niliusikia," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nikifungua dirisha. Wewe ndiye uliyekuwa ukilifunga."

Niliegesha gari kando ya barabara kwa sababu sikuiona tena.