Bolti ya Kalekye na Chupa Mbili

Ijumaa, tarehe 8 Agosti 2025, Matiliku. Asubuhi mawingu na baridi. Jua lilitoka saa saba kasorobo.

Kalekye, jirani yangu anayeuza ndengu sokoni, alikuwa chini ya Probox yake tangu saa mbili, miguu tu ikionekana. Gari hilo amekuwa akilitengeneza mwenyewe kwa miaka tisa. Kesho yake lilitakiwa kupeleka mbuzi watatu Kitui, ntheo, yaani mbuzi wa kufungulia posa, ya mwanawe Mbuvi. Kwetu, kabla mbuzi hao hawajafika kwa kina msichana, hakuna posa.

Shokomzoba ya mbele ilikuwa imekufa. Mpya ilikuwa tayari ndani ya boksi, lakini ya zamani hushikwa chini na bolti mbili. Moja ilitoka. Ya pili ilishikwa na kutu na haikutikisika.

"Shemeji, nipe ile chupa ya oili chafu."

Kyule, ndugu wa marehemu mumewe, akachukua chupa ya soda dirishani, imejaa kitu kizito cheusi. Kalekye akamimina, akangoja, akamimina tena. Kufikia saa sita, nusu ya chupa ilikuwa imekwisha. Walikuwa wamevisha spana paipu ndefu ili ipate nguvu, na Kyule alikuwa akining'inia kwenye paipu kama shati kwenye kamba.

"Vuta! Ugali wote ule uliokula ni wa nini?"

"Nimevuta mpaka meno yanauma! Hii bolti haitaki Mbuvi aoe."

Nyuki wakaanza kuja. Mmoja, wanne, kisha sikuweza kuwahesabu.

"Mama Mbuvi, tangu lini nyuki wakapenda oili?"

"Wamependa jasho lako. Leta moto."

Kyule akaleta makaa kwenye mkebe, akayashikilia chini ya nati ya bolti ile. Harufu iliyopanda haikuwa ya gereji. Ilikuwa ya kashata. Kalekye akatoka chini ya gari polepole, akalamba kidole.

"Shemeji. Hii ni asali ya mama mkwe wa Mbuvi."

Wakatazamana. Kisha Kalekye akakimbilia ndani, kwenye kikapu cha zawadi alichokuwa amekifunga jana kwa leso. Katikati ya sukari na majani chai ilisimama chupa nyingine ya soda, imefungwa utepe mwekundu. Oili chafu.

"Mama wa watu angelamba!" akapiga kelele.

"Mbuzi wangerudi Matiliku kwa miguu," Kyule akasema, "na wewe ukiwa mbele yao."

Kalekye alicheka mpaka akakalia tairi. Akaibusu ile bolti, ikamuunguza mdomo, akacheka zaidi. Isingekataa, kikapu kingeondoka vile vile.

Sasa akaitia oili ya kweli, nati ikiwa moto. Akaikaza kwanza kidogo, ndipo akailegeza. Ikalia kii! ikazunguka, na Kyule, aliyekuwa bado kwenye paipu, akaanguka kwa makalio. Saa kumi shokomzoba mpya ilikuwa mahali pake, na Kyule amekwenda kwake kuleta asali nyingine.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbuzi walikuwa garini. Kalekye alifungua kikapu, akafungua chupa ya asali mpya, sasa yenye utepe, akalamba kidole. Akamlambisha Kyule. Akavuka ua, akanilambisha na mimi. Kisha akaifunga, akawasha gari, akaenda Kitui.