Bolti ya Kumi na Saba

Mashine yangu ya posho hapa Migori ilikuwa inatembea. Sitanii. Ukiiwasha asubuhi, kufikia saa nne imesogea kuelekea mlangoni, maana vyuma vilivyoishikilia chini vilikuwa vimeliwa na kutu. Mkanda ukawa unaruka. Mkanda ukiruka, wanawake wanabeba mahindi yao wanaenda kwa jirani, na mimi na mtoto wangu tunakula nini? Nilitaka pleti mbili nene za chuma, matundu yakae sawasawa na miguu ya mota.

Hapa kwetu wanakata kwa gesi, na ukingo unabaki kama mkate uliotafunwa na panya. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda Homa Bay, kwa karakana yenye mashine ya kukata kwa kompyuta.

Jamaa wa kompyuta akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mwenyewe ako wapi?"

"Mwenyewe ni mimi."

"Nauliza mzee, madam. Atupe vipimo."

Vipimo nilikuwa navyo. Hakutaka. Akaniomba nimpigie mume wangu, aliyekuwa Isebania akiendesha lori la mwajiri wake, wakasalimiana kama mashemeji. "Bolti ni ya kumi na saba," mume wangu akasema. Jamaa akaandika: tundu, milimita kumi na saba.

Nilichemka. Huku kwetu bolti huitwa kwa spana yake. Ya kumi na saba ni ile inayofunguliwa na spana ya kumi na saba. Hicho ni kichwa! Shina lake ni milimita kumi tu.

"Futa hiyo."

"Lakini mama, mzee amesema..."

"Mzee hajawahi kuifunga hiyo mashine hata siku moja!"

Mtoto akaamka, akalia. Sikujali. Nikatoa bolti mfukoni, nikamwambia jamaa anitafutie tundu la kumi na saba kwenye vipande vya kutupwa. Akaleta. Bolti ikacheza mle kama mchi kwenye kinu.

Mzee mmoja aliyekuwa pembeni akichomelea geti, ambaye alishaniuliza nimezaliwa wapi, akaangua kicheko. "Nyar Karungu! Binti wa Karungu, usimmeze mtoto wa watu!"

Jamaa akajikuna shingo. "Sasa niweke ngapi?"

"Kumi na moja. Ipumue kidogo, isicheze."

Nikasimama palepale mpaka pleti ya mwisho ikapoa. Jioni nikampigia mume wangu. Tuliyoongea sitayaandika.

Kesho yake sikuita fundi. Nililala chini mwenyewe, na bolti zote zikaingia bila nyundo. Nikakaza mpaka mikono ikauma, nikawasha. Mashine ikanguruma, ikakaa. Mwanamke wa kwanza kwenye foleni akaweka kiganja juu ya pleti, akakitoa, akakirudisha tena.

"Imetulia," akasema.

Nikamwambia amwage mahindi.