Sauti ya Baba Boga

Katika katuni, mtu mzima ana kazi tatu tu. Ya kwanza ni kufa mapema ili mtoto apate sababu ya kuanza safari. Ya pili ni kuwa mwovu, mwenye koti jeusi na kicheko kirefu. Ya tatu ni kuwa mjinga. Bwana tunayemzungumzia hapa alizifanya zote tatu kwa miaka kumi na moja, lakini riziki yake hasa ilitoka kwenye ile ya tatu.

Alikuwa mwigizaji wa sauti. Katuni zilifika studio zikisema lugha za mbali, na yeye na wenzake wakazitia Kiswahili. Wasichana wawili wenye sauti nyembamba walikuwa watoto wote. Mama mmoja mpole alikuwa akina mama wote, na kwa kuwa akina mama wa katuni hawajaliwi umri mrefu, ukikutana naye kwenye ngazi alikuambia, "Mwenzangu, wiki hii nimeshakufa mara mbili, na leo ndiyo kwanza Jumatano." Waliobaki, yaani baba, mwalimu, polisi, mfalme, na yule babu mwenye ndevu hadi magotini ambaye ukisoma maandishi vizuri unakuta ana miaka thelathini na mitano, wote hao walikuwa yeye.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa sponji, na feni ilizimwa kwa sababu mlio wake ungeingia kwenye kipaza sauti. Alisimama humo akitoka jasho, visikizi masikioni, akiutazama mdomo kwenye skrini. Mdomo ukifunguka, alisema. Ukifumba, alinyamaza, hata kama neno bado liko nusu kooni. Ng'ambo ya kioo alikaa fundi sauti, dada mmoja asiyejua mzaha.

"Rudia kaka," alikuwa akisema. "Umekanyagwa na tembo, hujakanyagwa na kuku."

Kati ya wote aliowaigiza, mmoja alimganda kama kupe, naye ni Baba Boga. Alikuwa baba mfupi, mnene, mwoga wa paka, mwenye kulala sebuleni huku gazeti limemfunika uso. Wanawe waliuokoa mji kila wiki, na yeye aliamka mambo yakishaisha, akauliza chakula kiko wapi. Akiwakataza kutoka, ujue wameshatoka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwenye katuni asiyesikia la mkuu ndiye shujaa, na anayevunjika guu ni huyo mkuu mwenyewe, tena kwa kuteleza kwenye ganda la ndizi.

Watu walimpenda Baba Boga kupita kiasi. Muuza duka alimwita bwana huyu kwa jina hilo, kinyozi vilevile, hata daktari wa meno akiwa na koleo mkononi. Mwanzoni lilimfurahisha. Alikuwa na binti mmoja tu, na mama wa binti alifariki mtoto akiwa na miaka minne, hospitalini, kifo cha kweli kisicho na muziki. Wakabaki wawili. Asubuhi alipomchana nywele, mtoto akilia kwa maumivu, baba alitoa sauti ya Boga na kilio kikageuka kicheko. Baadaye mtoto akawa analeta wenzake nyumbani. "Baba, kasirika kidogo wasikie!" Naye akakasirika kidogo, wakaanguka chini kwa kucheka, naye akaona fahari. Angejua, angezificha hasira zake kabatini.

Sasa binti alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Alasiri moja fundi viatu wa jirani alimsimamisha njiani. Mwaka juzi fundi huyo alimzika mwanawe, aliyezama kwenye machimbo ya zamani ya mawe nyuma ya mtaa, shimo lililojaa maji na lisilojulikana lina kina gani. Tangu hapo alikuwa haongei sana.

"Jirani," alisema, "binti yako nimemwona machimboni, anaogelea na wenzake. Mimi neno hili simwambii mtu mara mbili."

Bwana alikwenda nyumbani mbio. Binti alikuwa sebuleni na rafiki zake watatu, nywele zao zote zimelowa.

"Kuanzia leo, marufuku kukanyaga kule machimboni! Mmenisikia?"

Msichana mmoja akatoa mlio puani, mwingine akajificha nyuma ya mto wa kochi, na mara wote wakapasuka. Binti alijaribu kubana midomo, ikamshinda.

"Samahani baba," alisema huku akifuta machozi ya kicheko. "Kweli tena, samahani. Ila umesema kama yeye."

Aliishusha sauti. Hiyo ilikuwa ya Boga akimbembeleza paka. Aliishusha zaidi, karibu kunong'ona. Hiyo ilikuwa ya Boga akiwa amejificha chini ya meza. Angelia, lakini alikuwa ameshalia studio mara zisizo na idadi, na fundi sauti alikuwa amemsifu kwamba hakuna anayelia vizuri kama yeye. Kila sauti aliyopewa na Mungu alikuwa ameipeleka kazini, na hakubakiza hata moja ya nyumbani.

Alijaribu mengine. Alimfungia ndani, binti akatorokea dirishani. Mkono nao aliuinua siku moja, ukabaki hewani, akaushusha akajifanya anajikuna kichwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo aliijua vizuri, ila mkono haujui methali. Aliogopa, na hofu yake haikuwa na pa kwenda. Kazini akimwigiza mfalme aliwaza maji. Akimwigiza polisi aliwaza maji.

Ndipo ikaja sehemu mpya ya Baba Boga. Wanawe wanakwenda kupiga mbizi katika ziwa la joka. Boga anatokea mlangoni na nguo za kulalia, na mdomo wake unafunguka na kufumba kwa sekunde saba nzima. Kwenye maandishi alitakiwa kuwaagiza samaki wa kukaanga, wakubwa, wasio na miiba mingi.

"Dada," alimwambia fundi sauti, "hapa naomba niseme langu."

"Litaingia mdomoni?"

"Nimelipima tangu jana. Linaingia."

Fundi sauti alimtazama kupitia kioo, akabonyeza kitufe. Bwana akavuta pumzi akasema, "Mwanangu, usiingie kwenye maji yale. Nakuomba. Nikikupoteza wewe, sina mwingine."

Hakuigiza. Ng'ambo ya kioo dada yule, ambaye hajawahi kumpitisha mtu kwa mara ya kwanza, akasema taratibu, "Imeingia. Tuendelee."

Usiku ule alilala vizuri. Aliijua Jumamosi ya binti yake: saa nne asubuhi wanakaa wanne mbele ya televisheni kumwangalia Boga, saa tano wanabeba taulo. Maneno aliyokataliwa akiyasema kwa mdomo wake yangefika kwa mdomo wa Boga, na kwa Boga huwa wanasikiliza.

Jumamosi ilipofika aliomba ruhusa kazini. Akachukua kigoda, akakaa nyuma yao karibu na mlango wa jikoni, mikono katikati ya magoti. Ziwa likaja. Boga akatokea na nguo zake za kulalia. "Mwanangu," ikasema televisheni, "usiingie kwenye maji yale. Nakuomba. Nikikupoteza wewe, sina mwingine."

Halafu watu wakacheka.

Si wasichana. Walicheka watu wa ndani ya televisheni, umati mzima, na baragumu likatoa mlio wa kujamba. Kicheko kile kilikuja na katuni tangu huko ilikotengenezwa, kimewekwa kila baada ya neno la Boga, na hupachikwa pamoja na muziki katika chumba kingine, wao wa sauti wakiwa wameshakwenda nyumbani. Katika chumba chake cha sponji bwana hakuwahi kukisikia. Miaka kumi na moja alisema maneno yake ndani ya ukimya, na safari hii akakisahau kabisa kicheko kinachofuata nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wasichana nao wakafuata umati, wakacheka. Binti yake alicheka pia, kisha akanyamaza, akageuka.

"Baba, hayo umeyatunga wewe?"

"Ndiyo."

"Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe, mwanangu."

Alimtazama baba yake usoni, na kwa muda huo mfupi baba aliamini kwamba yamefika. Ndipo rafiki mmoja akajishika tumbo, akalitoa mbele, akasema kwa sauti nene, "Nakuombaaa, sina mwingiiine!" Ilikuwa sauti ya Boga barabara. Binti alijizuia, mabega yakatikisika, akashindwa.

"Usijali, baba," alisema alipopata pumzi. Akachukua taulo kwenye kiti. "Hatuendi mbali na ukingo." Akapita akimpigapiga begani, vile mtu mzima anavyombembeleza mtoto.

Bwana aliwafuata. Walijua wanafuatwa na hawakujali. Mmoja alimpungia mkono. Machimboni ukuta wa mawe ulishuka wima upande mmoja, na maji yalikuwa ya kijani, mazito, mwanga haupiti. Palikuwa na watoto wengine pia. Wanne wale waliruka mmoja baada ya mwingine, na binti yake ndiye aliyeruka kutoka juu zaidi.

Yeye hakujua kuogelea. Alisimama ukingoni akaita, "Tokeni! Nimesema tokeni!" na ukuta wa mawe ukamrudishia sauti ya Boga, kubwa kuliko alivyoitoa. Shimo zima likacheka. Mtoto asiyemfahamu akajibu kutoka majini, "Baba Bogaaa! Lete kamba, joka limenikamata!" na wakacheka tena.

Hakuita mara ya pili. Alifikiri, siku kweli ikitokea, nikapiga kelele ya kweli, watacheka hivihivi, na atakayekuwa karibu kumshika mkono atacheka naye. Wazo hilo lilimkalisha chini juu ya jiwe.

Alichoweza ni kuhesabu. Vichwa vinne. Alivitazama kimoja kimoja bila kupepesa. Vinne. Jua lilimpiga machoni, akalikinga kwa kiganja. Vinne. Vitatu. Alisimama, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile hakuna sauti iliyotoka. Vitatu. Vitatu.

Vinne. Binti yake alikuwa ameibukia upande wa pili, anatema maji, anacheka na mwenzake.

Bwana aliketi tena akaanza upya.