Kiatu Kisichobana

Shangazi yangu alikuwa mpiga pasi, na mpiga pasi hakai. Alinieleza hivyo siku ya kwanza aliponiingiza kazini kwenye kiwanda cha kufulia, baada ya kuniona naangaza macho huku na huku.

"Unatafuta nini?"

"Kiti, Shangazi."

"Kiti cha nini? Pasi inasukumwa na bega. Ukikaa, bega linalala, na shuka nalo linalala na makunyanzi yake."

Basi nikasimama kwenye meza ya kukunja, yeye akasimama kwenye meza yake ya pasi kando yangu, na maisha yetu yakawa hayo: mchana kutwa bega kwa bega ndani ya mvuke, jioni nyumbani kwake, chumba na sebule, alikonilea tangu kaka yake, yaani baba yangu, alipofariki. Watoto wa kuzaa hakujaliwa. Aliponipata mimi akasema natosha, tena nimezidi.

Kiwandani walimwita Mama Mstari, kwa sababu mstari aliouweka kwenye suruali ungeweza kukatia sabuni. Alikuwa na mdomo, sitaki kudanganya. Ukimpelekea shati halijanyunyizwa maji sawasawa, ungesemwa mpaka ujute kuzaliwa na mikono. Lakini kazi yake aliipenda, na aliogopa kitu kimoja tu duniani, kushindwa kusimama. "Siku nitakayokaa," alikuwa akisema, "ndiyo siku nimekwisha." Wengine walicheka. Mimi nilijua hakuwa anatania.

Sakafu yetu ilikuwa ya saruji, na haikukauka hata siku moja. Ndiyo maana kila mpiga pasi alitandika boksi la sabuni lililokunjuliwa chini ya miguu yake, na boksi la mtu lilikuwa la mtu. Kukanyaga boksi la mwenzio ni sawa na kupanda kitandani kwake na viatu. Walikuwa wakigombana kwa hilo kuliko kwa mshahara.

Zamani nyayo za Shangazi zilikuwa zikiwaka moto. Tukifika nyumbani aliingiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akaanza kumlaani aliyegundua shuka. Kliniki wakampima, wakamwambia ana kisukari, wakampa vidonge. Akavimeza kwa utiifu ambao sikuujua kwake. Halafu, kidogo kidogo, moto ukapoa. Ulianza kupoa vidoleni, ukashuka kwenye nyayo, ukaja kuisha kabisa. "Dawa imeingia," akasema, na beseni akaanza kulowekea nguo.

Tulimpongeza. Katika chumba cha pasi, mtu ambaye miguu haimuumi ni mtu aliyeonja pepo kabla ya wakati wake. Kliniki nako, kila alipoulizwa, "Miguu vipi, mama, inauma?" alijibu kwa fahari, "Haiumi hata chembe," na hakuna aliyemwambia avue soksi. Siku moja bomba la mvuke likadondosha maji ya moto juu ya mguu wake wa kushoto, tone kwa tone, na yeye akaendelea kunyoosha kola ya shati. Msichana wa meza ya tatu akapiga kelele kwa niaba yake. Shangazi akatazama chini, akasogea. "Ngozi imekomaa," alisema. Tukamsifu kwamba ana miguu ya chuma.

Miguu ile haikuwa imepona. Ilikuwa imenyamaza tu. Lakini sisi tunaosimama kutwa tunajua dalili moja ya ugonjwa wa mguu, maumivu, na yakiondoka tunamshukuru Mungu na kuendelea.

Basi ikatokea pasi ikamponyoka dada mmoja, ikamwangukia vidoleni. Msimamizi akapiga marufuku ndala na viatu vya wazi. Alikuwa na haki, siwezi kumlaumu. Kufikia mwezi mpya, alisema, asiye na kiatu cha kufunika mguu haingii chumba cha pasi. Shangazi alikuwa na ndala pana alizozichana ubavuni kwa wembe ili kifundo cha kidole gumba kipate kupumua. Akazitazama kama mtu anayeagana na jirani mwema.

Tulikwenda kununua jioni, tukitoka kazini. Hiyo ni kanuni yetu: asubuhi mguu mdogo, jioni mguu mkubwa, na kiatu kinanunuliwa kwa mguu mkubwa. Muuza viatu alikuwa na meza yake kwenye kona ya barabara. Alinunua viatu vilivyovaliwa, akavibadilishia soli na visigino kwa mkono wake, akavipaka rangi hadi vikawa na majivuno. Shangazi alivaa jozi ya kwanza, akasimama. Hakupiga hata hatua. Alisimama tu, mikono mbele, kama yuko mezani kwake.

"Tembea basi, mama, uone," muuza viatu akamhimiza.

"Sinunui cha kutembelea, baba. Nanunua cha kusimamia."

Akasimama. Mteja mwingine akaja, akahudumiwa, akaondoka. Shangazi bado amesimama. Muuza viatu akanitupia jicho, kama anayeuliza huyu nimemtoa wapi. Jozi ya kwanza ikakataliwa, kisigino kinamsukuma kwenye pasi. Ya pili ikakataliwa, inampa joto la kichwa.

"Mama, mchagua jembe si mkulima."

"Na mimi si mkulima. Lete vile vya nyuma."

Vile vya nyuma vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya kamba, soli nene ya mpira na kisigino kilichopigiliwa upya. Alivivaa akafumba macho. Nikaona uso wake ukilainika taratibu, na nasema kweli, sikuwa nimemwona hivyo tangu nikiwa mdogo.

"Hivi havibani popote," akasema kwa sauti ya chini. "Mguu wa kulia vimenishika kidogo. Wa kushoto, ah! Kama sikuvaa kitu."

Nikainama, nikabonyeza ncha ya kiatu cha kushoto. Vidole vilikuwa vimefika ukutani, vimebanana.

"Shangazi, mbona vidole vimekwama huku?"

"Vidole vyangu au vyako?"

"Vyako, lakini..."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Inuka, tumlipe mtu tuondoke."

Nikainuka. Mwenye mguu amesema haumbani, mimi ni nani nimbishie?

Siku zilizofuata alikuwa na furaha ya kuudhi. Alinyoosha mashuka huku akiimba, na kila aliyepita alionyeshwa viatu. Msichana wa meza ya tatu akaenda kwa muuza viatu yule yule, akachukua jozi inayofanana, na kesho yake kabla ya saa ya kula akavivua, akavitupa chini ya meza. "Vinang'ata kama mbwa hivi!" alisema. Shangazi akacheka mpaka akashika meza. "Miguu laini hiyo," akamwambia. "Isubiri ikomae." Hakuchechemea, hakulalamika, na nyumbani alivua viatu vyake chumbani, akatoka na kanga ndefu na soksi. Akisema miguu haiumi, haiumi.

Nililiona jambo lenyewe nilipoinama kuokota foronya iliyoanguka. Boksi lake lilikuwa na doa jeusi upande wa kushoto, palepale alipokuwa amekanyaga. Nikadhani ni mafuta ya mashine.

"Shangazi, umekanyaga nini?"

"Maji. Hapa kuna kingine?"

Nikagusa. Kidole changu kikarudi chekundu.

"Vua kiatu."

"Nina mashuka ya watu hapa, mwanangu, tena yanatoka leo."

"Nimesema vua kiatu!"

Pasi zikasimama chumba kizima, mvuke peke yake ukabaki unafoka. Sikuwa nimewahi kumpazia sauti, na mtu yeyote pale angekuwa tayari kuapa kwamba hilo haliwezekani. Nadhani kilichomfanya atii ni mshangao. Aliegemea meza, nikamfungua kamba, nikavuta. Kiatu kilitoka kwa shida. Soksi haikutoka, ilikuwa imeshikana na mguu. Ndani ya kiatu, pale kisiginoni, msumari ulikuwa umepenya soli na kusimama wima, umeng'aa kwa kutumiwa. Alikuwa ameusimamia tangu sijui lini, uzito wake wote na wa pasi juu yake, na huku anaimba.

Alitazama mguu kwa utulivu, kama anatazama mguu wa abiria mwenzake.

"Damu ya nani hiyo?" akaniuliza.

Msimamizi mwenyewe alitupeleka hospitali kwa gari la kubebea mashuka. Njiani Shangazi aliuliza swali moja tu, nani atasimama mezani pake. Daktari akawa anamgusa kwa ncha ya sindano, kuanzia vidoleni. "Unasikia hapa?" Hasikii. "Na hapa?" Hasikii. Sindano ikapita kifundo cha mguu, ikapanda, na yeye anatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayekataa chai. Chini ya vidole vile vilivyobanwa ngozi ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Daktari alikasirika, ile hasira ya mtu anayejua amechelewa.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua, mama."

"Sikuficha, mwanangu," Shangazi akamjibu. "Hata mimi nilifichwa."

Walianza na vidole. Wakasema huenda mguu utapona, na mimi nikaomba kama ambavyo sijawahi kuomba, nikaahidi mambo nisiyoyaweza. Kidonda hakikusikia. Wakarudi, wakakata chini ya goti.

Nimetafuta mtu wa kumkasirikia. Muuza viatu nilimwendea nikiwa nimefura, nikamwonyesha msumari. Akaketi kwenye kijibenchi chake, akalia mbele ya wateja, na hasira ikaniishia mikononi bila faida. Kitanda hiki Shangazi alikilalia mwenyewe, na kunguni wake hakuwajua.

Kazini meza yake alipewa msichana wa meza ya tatu. Alikuja kuniomba ruhusa mimi, kana kwamba meza ni yangu, halafu akalikunja boksi la Shangazi vizuri, akaliweka juu ya kabati, akatandika la kwake. Nikarudi kwenye meza yangu ya kukunja. Mashuka hayangoji.

Jana nilimkuta ameamka, ameegemezwa kwenye mito. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya shuka la wodi, akikunja uso.

"Hili limepigwa na nani? Angalia pindo lake. Aibu tupu."

Nikacheka. Nikafurahi kumsikia anagomba, nikadhani tumevuka. Nikamwambia daktari amesema watampa mguu wa bandia, atajifunza kusimama tena, na msimamizi ameahidi kumtafutia kazi ya kukaa, kushona vifungo. Aliposikia "kukaa" akageuza uso ukutani. Halafu nikaona jasho linamtoka, mkono umeshika chuma cha kitanda.

"Mwanangu."

"Naam, Shangazi."

"Mguu unaniuma."

"Wa kulia? Niuinue?"

"Wa kushoto." Akameza mate. "Vidole vimebanwa. Na kisiginoni kuna kitu kinanichoma, kama msumari. Kinauma sana, mwanangu. Nivue kiatu."

Nilitazama upande wa kushoto wa kitanda, shuka limelala bapa, halina hata kunyanzi. Kisha nikapiga magoti pale chini, nikaanza kumfungua kamba.